Upepo wa Kinangop na Ekari Mbili za Viazi

Februari 2016, kampuni iliyokuwa ikijenga mitambo ya umeme wa upepo kule Kinangop, kaunti ya Nyandarua, ilitangaza kwamba imefunga kazi. Minara 38 ilikuwa isimame pale na kuzalisha megawati 60.8, kwa gharama ya karibu dola milioni 150. Wenye mtaji walikuwa wamepatikana, na mkataba wa kuuza umeme ulikuwepo. Kampuni ilieleza kwamba kuchelewa kumekula fedha zote za ujenzi kabla ujenzi wenyewe haujakamilika. Sababu ya kuchelewa kila mtu Kinangop anaijua: wakulima walikataa. Waliandamana, walifunga barabara, na mwanzoni mwa 2015 katika makabiliano na polisi mtu mmoja akapoteza maisha.

Hadi leo kisa hicho husimuliwa Nairobi kwa namna moja. Husemwa kwamba wakulima walichochewa na wanasiasa, kwamba waliogopa mashine wasiyoifahamu, na kwamba Kenya ilipoteza umeme safi kwa sababu ya uvumi. Uchochezi ulikuwepo na uvumi ulikuwepo, sikatai. Lakini nimeliangalia jambo hili kwa miaka, na ninaamini kosa kubwa lilitangulia uvumi. Lilikuwa kwenye hesabu. Mradi ulipimwa kwa kipimo cha nchi zenye mashamba makubwa, kisha ukapelekwa mahali ambapo familia inalisha watoto, inasomesha na inajenga nyumba ya kijana anayeoa, yote hayo juu ya ekari mbili.

Kinangop ni uwanda wa juu, kama mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, kati ya milima ya Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa. Ni baridi. Kuna asubuhi ambapo sakitu hulala juu ya majani ya viazi, na kufikia adhuhuri shamba limekuwa jeusi. Hata hivyo, waru (viazi), kabeji, njegere na maziwa vinavyoteremka Nairobi alfajiri kwa malori, sehemu kubwa hutoka huko. Zamani ilikuwa malisho ya Wamaasai. Serikali ya kikoloni iliwaondoa na kuifanya sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi Wazungu. Kuanzia 1962, mpango wa ekari milioni moja ulinunua mashamba ya walowezi na kuyagawa kwa Waafrika kwa mkopo. Waliopewa vipande walivilipia kwa miaka mingi, kwa pareto, kwa viazi, kwa mikebe ya maziwa. Kwa hiyo hati ya shamba kule si karatasi tu. Ni risiti ya jasho la baba na mama, na nyumba nyingi huiweka chini ya sanduku la nguo, mahali ambapo mtoto haruhusiwi kugusa.

Vipande vile vya mwanzo vimegawanywa kwa wana, wana wakawagawia wajukuu. Leo ekari mbili ni shamba la heshima. Ekari moja si jambo la ajabu.

Sasa tuangalie hesabu. Mtambo wa upepo una vipimo viwili vya ardhi, na mtu anayetaka kuuelewa mgogoro huu lazima avitenganishe. Kipimo cha kwanza ni ardhi inayofunikwa kabisa: msingi wa mnara, uwanja wa kuegesha winchi, barabara ya kudumu na kituo cha umeme. Kipimo cha pili ni eneo zima ambamo minara imetawanywa, kwa kuwa mnara mmoja ukiusogelea mwingine mno huuibia upepo, na huwekwa mbali kwa mamia ya mita. Mwaka 2009, maabara ya taifa ya Marekani inayoshughulikia nishati jadidifu ilipima miradi mingi ya kwao, ikapata wastani wa hekta 0.3 kwa kila megawati kwa kipimo cha kwanza na hekta 34 kwa kipimo cha pili. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara mia moja.

Wenye miradi hupenda kipimo cha kwanza, na wana haki ya kukitaja. Ukichukua wastani huo, mradi wa Kinangop ungefunika hekta 18 hivi, yaani ekari 45. Ekari 45 kwa megawati 60! Ni vigumu kupata mgodi au bwawa linaloomba ardhi kidogo namna hiyo. Afisa akisimama kwenye baraza la chifu na kutamka takwimu hiyo, anasema kweli, na anashangaa kuona watu wanazidi kukasirika.

Lakini wale waliokaa kwenye baraza waliishi ndani ya kipimo cha pili. Kwa wastani huohuo, eneo la mradi lingekuwa na zaidi ya hekta 2,000, karibu ekari 5,100. Najua ni wastani wa Marekani, na mchoro halisi wa Kinangop ungeleta tarakimu zake. Ukubwa wa pengo haubadiliki. Gawanya ekari 5,100 kwa mashamba ya ekari mbili, unapata mashamba zaidi ya 2,500. Wenye mashamba yanayopata mnara ni 38 kwa wingi wao wote, ukiongeza na wachache wanaopitiwa na barabara. Waliobaki wote wanapata kivuli, kelele, malori na vumbi, na hawapati kodi.

Mahali penye mashamba makubwa tatizo hili halijitokezi kwa ukali huo. Mkulima wa Iowa mwenye ekari 400 za mahindi anatoa kipande kisichofika ekari moja, analima hadi kwenye kitako cha mnara, na jirani yake aliye karibu zaidi pengine naye ana mnara wake na hundi yake. Anayesikia kelele ndiye anayelipwa. Kinangop, anayelipwa ni mmoja na wanaosikia ni sabini. Mkataba uliokuwa wa haki kule, ukiuleta hapa neno kwa neno, unazaa uadui kati ya ndugu waliotenganishwa na ua wa miti ya mikaratusi.

Kuna jambo jingine ambalo mpimaji halioni. Mtaalamu wa mazingira hupima umbali kutoka mnara hadi nyumba zilizopo siku ile aliyokuja. Mkulima anahesabu nyumba zitakazojengwa. Mwanawe wa kiume ana miaka kumi na sita, baada ya miaka kumi atataka kuweka nyumba pembeni mwa shamba, na pembe pekee iliyobaki iko mita mia mbili kutoka mnara wa jirani. Je, ataruhusiwa kujenga? Akijenga, atalala? Kwenye ekari 400 unahamisha kiwanja cha nyumba upande wa pili wa kilima. Kwenye ekari mbili hakuna upande wa pili.

Na barabara. Bawa moja la mtambo wa aina hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 40, na husafirishwa likiwa zima. Lori linalolibeba haliwezi kukata kona ya njia ya kijijini, kwa hiyo kona hunyooshwa, na kunyoosha kona ni kukata kipande cha shamba la mtu. Mita nane za upana zikipita katikati ya ekari mbili zinaacha vipande viwili ambavyo trekta haliwezi kugeuka ndani yake. Kwenye karatasi ya fidia zinaandikwa mita za mraba zilizochukuliwa. Shamba lililovunjika vipande halina safu yake kwenye karatasi.

Ndani ya hali hiyo ndipo uvumi ulipoota. Ilisemwa kwamba ng'ombe watakatika maziwa, kwamba mimba zitaharibika, kwamba mitambo italeta saratani. Niseme wazi ninaloamini: mnara wa upepo hautoi mionzi ya kuleta saratani, hakuna kitu ndani yake cha kuitoa. Ng'ombe hulisha chini ya minara katika nchi nyingi na hukamuliwa jioni kama kawaida. Madhara yaliyo kweli ni ya namna nyingine. Kuna mvumo usiokoma usiku wakati mazingira mengine yote yamenyamaza, na kuna kivuli cha mabawa kinachopita dirishani asubuhi au jioni jua likiwa chini, mwanga na giza, mwanga na giza, hadi mtu afunge pazia. Haya yanapimika, yanatabirika hata kwa tarehe na saa, na yanaweza kupunguzwa kwa kusogeza mnara au kuuzima kwa dakika hizo.

Kwa nini basi watu walishika saratani na kuacha kivuli? Kwa sababu hakuna aliyekaa nao na kuwaonyesha kivuli. Ripoti ya tathmini ya mazingira ni kitabu kinene cha Kiingereza kinachokaa ofisini. Mama aliyeacha mbuzi na kuja kwenye mkutano anasikia maneno "athari ndogo zisizo na umuhimu mkubwa", na anajua kwa tajriba ya maisha yake yote kwamba mtu anayemwambia hivyo hatalala hapo. Ukimnyima mtu jina la dhara dogo la kweli, ataupa woga wake jina kubwa. Sioni ujinga hapo. Naona mtu aliyejua kuna jambo analofichwa, akakosea tu jambo lenyewe.

Kisha kuna sheria, na hapa lazima tukae kidogo, maana migogoro mingi ya ardhi Kenya huanzia mahali pasipo na kelele kabisa. Shamba la kilimo haliwezi kukodishwa kwa miaka hivihivi. Sheria ya udhibiti wa ardhi inataka ruhusa ya bodi ya ardhi ya eneo, na mkataba usiopita kwenye bodi ni batili. Wananchi huita "kwenda bodi", na wanaijua vizuri, kwa kuwa ndiyo mahali ambapo mke hupata nafasi ya kusema hapana mumewe anapotaka kuuza. Isitoshe, Katiba ya 2010 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi kwa miaka isiyozidi 99, na kampuni yenye mwenyehisa mgeni hata mmoja huhesabiwa si raia. Kwa hiyo ulinzi upo. Una mashimo mawili.

La kwanza ni urithi. Mashamba mengi ya Kinangop, kama ilivyo Nyeri au Kisii, bado yameandikwa jina la babu aliyefariki. Familia imeyagawa kwa mdomo na kwa mstari wa ua, lakini kwenye masijala mwenye shamba ni marehemu. Dalali akija na mkataba, anatia saini nani? Kaka mkubwa anayeshika hati anatia saini, anapokea malipo ya kwanza, na wadogo zake watano wanagundua siku tingatinga linapofika. Hilo pekee linatosha kuwasha moto kijiji kizima. Mradi wenye dola milioni 150 ungeweza kulipa mawakili na ada za mahakama ili kila familia iliyo kwenye eneo imalize mirathi yake kwanza. Ingekuwa sehemu ndogo sana ya bajeti, na ingekuwa zawadi ambayo familia zile zingeikumbuka hata kama upepo usingevuma. Kwangu mimi hilo lingekuwa tendo la kwanza, kabla ya kupima upepo.

Shimo la pili ni kwamba sheria zetu zinamjua mwenye ardhi inayokodishwa na hazimjui jirani wa ardhi hiyo. Sheria ya Nishati ya 2019 imeweka mrabaha kwa nishati ya jotoardhi na kuugawa: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali. Mvuke unaotoka chini ya ardhi una mgao. Upepo unaopita juu yake hauna. Sijawahi kusikia sababu ya kuridhisha.

Tushuke kusini twende Kajiado, kwa kuwa huko mambo yalikwenda vingine. Kipeto ni mradi wa megawati 100, minara 60, ulioanza kuuza umeme 2021. Nao umesimama kwenye ardhi ya watu wanaoitegemea, wafugaji Wamaasai. Wenye ardhi walikodisha vipande vyao wakibaki na hati zao, wanalipwa kodi pamoja na sehemu ya mapato ya mradi, familia zilizokuwa karibu mno na minara zilijengewa nyumba mpya, na asilimia 5 ya mradi ikawekwa kwa mfuko wa jamii. Hata tai wanaozaliana kwenye magenge ya karibu walipangiwa utaratibu wa kuwalinda na mabawa. Mifugo inapita chini ya minara bila kuuliza.

Watu husema, basi Kajiado ni dawa, tuinakili. Ningetahadhari. Ranchi za pamoja za Kajiado zilipogawanywa, mtu alipata makumi ya ekari, wengine zaidi ya mia moja. Mwenye ardhi kule anafanana zaidi na yule wa Iowa kuliko na mkulima wa Njabini, kule Kinangop. Kipande chake kinaweza kubeba mnara, barabara na umbali wa kutosha, na bado pakabaki mahali pa boma. Jambo la kunakili kutoka Kipeto ni ile asilimia 5 ya jamii na kodi inayotegemea mapato, si ramani yake.

Na wanaosema mitambo yote ipelekwe jangwani waangalie Marsabit. Mradi wa Ziwa Turkana ni mkubwa kuliko yote nchini: mitambo 365, megawati 310, kwenye ardhi ya ekari 150,000 iliyokodishwa. Hakuna viazi pale. Kulikuwa na watu, hata hivyo. Kijiji cha Sarima kilikuwepo, na wafugaji walipitisha ngamia na mbuzi kwenye ardhi ambayo ramani iliiona tupu. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilitolewa bila kufuata utaratibu, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha, na 2023 ikakataa kuongeza muda. Upande wa umeme nao ulikuwa na maumivu yake. Mitambo ilikuwa tayari mapema 2017, lakini laini ya umeme ya kilomita zaidi ya 400 hadi kituo cha Suswa haikukamilika hadi Septemba 2018. Mitambo ilisimama ikingoja waya, na serikali ikaingia gharama kwa umeme usiofika. Kwa hiyo mahali pa karibu na watumiaji, pa upepo mkali, pana thamani ya kweli. Nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi ikiongezeka mara mbili nguvu huongezeka mara nane, na ndiyo maana mjenzi akishakipata kilele cha Kinangop hakubali kwa urahisi kuhamia bonde la jirani.

Nasema haya kwa sababu mimi ni mtu anayeutaka umeme huo. Nchi yetu imeonja mwaka ambapo mvua imekata, mabwawa yameshuka na jenereta za mafuta zimewashwa, na bili ya duka la kinyozi imepanda. Minara ya Ngong, Kipeto na Turkana ikijumlishwa haifiki megawati 440. Tunahitaji zaidi, na baadhi yake itabidi isimame kwenye mashamba.

Njia ya kumlipa jirani si jambo la kubuni. Denmark iliweka sheria iliyoanza kutumika 2009 ikimtaka anayejenga minara auze angalau asilimia 20 ya hisa za mradi kwa wakazi wa ndani ya kilomita 4.5, na amlipe mwenye nyumba iliyoshuka thamani. Utaratibu wa hisa ulibadilishwa 2020 ukawa wa malipo ya moja kwa moja, kwani si kila mkazi ana fedha za kununua hisa, funzo zuri kwetu. Ujerumani tangu 2021 sheria yake inaruhusu mradi kulipa hadi senti 0.2 ya yuro kwa kila uniti ya umeme kwa halmashauri zilizo ndani ya kilomita 2.5. Nchi hizo zimepitia ugomvi huu miaka mingi, zikafika mahali pamoja: mlipe aliye ndani ya duara, si aliye kwenye nukta peke yake.

Nimejaribu kuipigia hesabu Kinangop. Chukua megawati 60 zinazofanya kazi kwa asilimia 35 ya uwezo wake kwa mwaka, kadirio la kiasi kwa mahali penye upepo mzuri. Hizo ni uniti kama milioni 184. Tenga senti 20 za Kenya kwa kila uniti, unapata karibu shilingi milioni 36.8 kila mwaka. Ukizigawa kwa mashamba 2,500, ni shilingi 14,700 hivi kwa shamba kwa mwaka. Haitamtajirisha mtu. Inalipa mbolea ya msimu mmoja kwenye ekari mbili, au sehemu nzuri ya karo. Inamfanya aliye ndani ya kivuli awe na sababu ya kutaka mabawa yazunguke. Na mradi unapoteza nini? Bei ya rejea ya umeme wa upepo iliyotangazwa na serikali 2012 ilikuwa senti 11 za dola kwa uniti. Kwa shilingi 130 kwa dola, ni shilingi 14 na senti kadhaa. Senti 20 ni kama asilimia moja na nusu ya hapo. Linganisha hiyo na dola zilizoteketea Kinangop bila kuzaa hata uniti moja. Kampuni baadaye ilidai fidia kutoka kwa serikali kwenye usuluhishi wa kimataifa, ikakosa hiyo pia.

Kuna watakaosema gharama hiyo mwishowe italipwa na mwananchi kwenye bili. Sehemu yake italipwa, ndiyo. Mwananchi huyo wa Nairobi ndiye anayepata umeme. Ni haki achangie usingizi wa yule anayeishi chini ya mtambo, kama anavyolipia waya na transfoma. Wengine watasema serikali itwae ardhi kwa manufaa ya umma, ilipe, imalize. Katiba inaruhusu, kwa fidia ya haki inayolipwa upesi. Wakulima wa Baharini kule Mpeketoni, kaunti ya Lamu, wanajua maana ya kungoja: waliambiwa mashamba yao yanahitajika kwa mradi wa upepo wa megawati 90, na miaka ikapita mtu akiwa hajui apande mwembe au asipande. Mkulima aliyeambiwa ardhi yake itachukuliwa huacha kupanda vitu vya kudumu siku hiyohiyo. Hasara hiyo huanza kabla ya sahihi yoyote na hailipwi na yeyote.

Tanzania bado ina nafasi ya kutanguliza hesabu. Mufindi kuna mitambo mitatu ya Mwenga, megawati 2.4, iliyoanza 2020 na kuungwa na maporomoko ya maji ya kampuni hiyohiyo yanayohudumia vijiji. Ni midogo, na umeme wake unawashwa na wanaoiona mitambo ikizunguka, jambo ambalo watu wa Sarima hawakulipata. Singida na Makambako kuna upepo wa kujenga megawati mamia, na mipango imezungumzwa miaka mingi, kwenye ardhi ya alizeti, mahindi na vitunguu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, waziri ndiye anayeamua baada ya kusikiliza maoni ya kijiji. Tazama basi nguvu ya kipimo. Mradi wa megawati 100 ukihesabiwa kwa nyayo za minara ni hekta 30. Ukihesabiwa kwa eneo lote ni hekta 3,400. Kwa hesabu ya kwanza wanakijiji wana neno la mwisho juu ya kipande kidogo mno kisichoonyesha maisha yao yatakavyobadilika. Kwa hesabu ya pili mradi unaonekana ukubwa wake wote, lakini uamuzi umehamia Dodoma. Mwenyekiti wa kijiji anayeletewa karatasi aulize swali hilo kabla ya mengine yote: hekta hizi mmezihesabu vipi? Na akitaka kujua kivuli kitafika wapi, adai ramani yenye nyumba zote za kijiji, pamoja na viwanja ambavyo vijana wameahidiwa.

Liko jambo la mwisho ambalo kwenye mabaraza huwa halifikiwi kwa kuwa jua limekwisha kuchwa. Mtambo huishi miaka 20 hadi 25. Chini ya kila mnara kuna zege la mamia ya tani lenye nondo, lililozikwa ardhini. Mikataba mingi duniani humtaka mwekezaji aondoe mnara na kukwangua zege hadi kama mita moja chini, mengine yabaki. Kwenye ekari 400 jambo hilo linapita bila kuonekana. Kwenye ekari mbili ni shamba la mjukuu, na kampuni iliyotia saini inaweza kuwa imeuzwa mara tatu au kufilisika. Fedha za kuling'oa zege lote na kurudisha udongo wa juu ziwekwe benki, kwenye akaunti isiyoguswa bila sahihi ya kamati ya wenye mashamba, siku ileile mkataba unapopelekwa bodi, kabla lori la kwanza halijakata kona.